Mheshimiwa Koki

Kwamagandi, Handeni
10 Juni 2024

Kwa Mhariri,
Gazeti la Njia Panda,
Korogwe.

YAH: MAANDISHI YA MTU WENU ANAYEJIITA "MTANI"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mwaija Awadhi, fundi cherehani, mkazi wa Kwamagandi. Diwani wa kata hii, Mheshimiwa Awadhi Mdoe, ni baba yangu mzazi. Naandika kwa akili zangu, sijatumwa na mtu, na yeye mwenyewe hajui.

Katika gazeti lenu la Ijumaa tarehe 31 Mei, ukurasa wa mwisho, huyo Mtani aliandika hivi. Nanakili neno kwa neno msije mkasema nimeongeza chumvi:

"Kwamagandi wamepata maendeleo ambayo hata Ulaya bado. Wana koki inayotoa upepo. Mheshimiwa Diwani alikata utepe, akafungua koki mbele ya wageni, koki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mheshimiwa akapiga makofi. Kina mama mnashauriwa kwenda na ndoo zenye mfuniko, upepo usije ukamwagika njiani. Na kuanzia leo tumpe mheshimiwa jina lake halali: Mheshimiwa Koki."

Haya. Mmecheka? Sasa nisikilizeni.

Baba yangu ana miaka sitini na minane. Siku ile aliambiwa wageni wanakuja, akaenda. Akapewa mkasi, akakata. Akaambiwa fungua, akafungua. Hakujua kama kisima hakina maji. Waliojua walikuwa wamesimama nyuma yake na suti zao, na Mtani wenu hakuwagusa hata kwa neno moja. Kwa nini? Suti zinauma?

Siku hizi watoto wakimwona njiani wanakohoa mara mbili. Watu wazima wanageuza uso ili wacheke vizuri. Kwenye kikao cha madiwani akinyoosha mkono tu, kabla hajafungua mdomo, mtu anakohoa na ukumbi mzima unaangua kicheko. Na ana jambo anataka kulisema kuhusu mradi ule. Ana karatasi zake kwenye bahasha, kila siku ananiambia, "Mwaija, nitayasema." Atayasemaje?

Kikao kijacho ni tarehe 22 Agosti. Ninachotaka ni kimoja: siku hiyo Baba asimame na asikilizwe. Sitaki fidia wala mahakama. Nataka mtu wenu aandike kama mtu mzima, asahihishe.

Msinipigie. Simu yangu inashikwa na kila mtu hapa nyumbani, Baba akiwemo. Andikeni barua, mumpe konda, aiache Segera kwa Zuena anayeuza machungwa pale stendi. Itanifikia.

Ni mimi msomaji wenu, ambaye sikucheka,
Mwaija Awadhi

*

Gazeti la Njia Panda
Korogwe
19 Juni 2024

Binti Mwaija,

Barua yako imefika salama. Mhariri wetu, Bi Yuditha, amenipa niijibu, maana barua za mkono zikija hapa vijana wanazikimbia, wanasema mwandiko unawaumiza macho. Kwa hiyo zinaangukia kwangu.

Nimezungumza na Mtani. Anakusalimu. Anasema umemwelewa vibaya kidogo. Yeye ni Msambaa, baba yako ni Mzigua, na sisi na nyinyi ni watani tangu mababu. Hata msibani mtani anaingia akimsema marehemu kwamba alikuwa mlafi, mchoyo, tena hajui kucheza ngoma, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Hakuna mtu anayemkasirikia. Basi na yeye alimtania baba yako kwa haki hiyo hiyo, hakumtukana.

La pili, anasema kejeli ndiyo fimbo aliyobaki nayo mwandishi wa huku kwetu. Ukiandika "fulani kala fedha za kisima" utaitwa ukaeleze, utakuja na ushahidi, utakuja na wakili. Ukiandika kwamba koki inatoa upepo, nani atakushika?

Umeuliza kwa nini hakuwagusa wenye suti. Ni swali zuri. Nitamfikishia.

Ameniomba pia nikwambie kwamba anaandika ukurasa ule kila wiki, huu mwaka wa kumi na tisa. Visima vya kipindi alipoanza vilikuwa vikavu na vya leo ni vikavu. Siku nyingine hata hafikirii, mkono unajiendea wenyewe. Usimchukie sana, kachoka.

Kwa niaba ya Mhariri,
I. S.

*

Kwamagandi
24 Juni 2024

Mzee I. S.,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu mwandiko wako ni wa mtu mzima na mimi nimelelewa. Usidhani tumepatana.

Wewe ndiye Mtani. Usinizungushe. Eti "anakusalimu"! Mtu gani anajua kwamba mkono wa mwenzake unajiendea wenyewe? Umeniona mtoto mdogo?

Tena umenitajia utani, umenigusa penyewe. Mzee, mtani anayemsema marehemu msibani AMEKUJA msibani. Kaacha shamba lake, kachimba kaburi, kachota maji, kalala kwenye mkeka na wafiwa. Halafu ndiyo anasema. Na akisema wanamjibu, wanamnyang'anya kofia, akizidisha wanamtoza kuku, wanacheka wote, yamekwisha. Wewe umekaa huko Korogwe umejificha nyuma ya jina. Baba amjibu nani? Atoze kuku kwenye gazeti?

Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa Idd. Nilimshonea kanzu mpya, nikakesha kwa ajili ya ile kola. Akavaa, akapendeza. Akafika mlangoni, akasikia watoto wanapita barabarani, akasimama. Akarudi ndani, akaivua, akaikunja, akaniwekea juu ya cherehani. Hakwenda kuswali Idd. Tangu nizaliwe sijawahi kuona jambo hilo. Nililia mpaka nikajionea aibu.

Halafu unaniambia kejeli ni fimbo. Sawa, lakini umempiga nani nayo?

Andika kwamba hakujua. Andika kwa maneno mepesi, bila mzaha hata chembe. Nadhani unaweza, si unasema wewe ni mwandishi?

Mwaija

*

Kerenge, Korogwe
1 Julai 2024

Mwanangu Mwaija,

Marahaba. Ni mimi. Jina langu ni Isaka Shemhilu, nina miaka sitini na mitatu, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuwa mchekeshaji. Naishi hapa Kerenge, nina migomba yangu na paka mmoja. Nimekudanganya kwa sababu nimezoea kujificha, si kwa sababu ya jambo kubwa zaidi ya hilo. Nisamehe.

Uliuliza kama suti zinauma. Zinauma, mwanangu. Miaka ya nyuma nilimgusa mkubwa mmoja, nikakaa siku mbili mahali ambapo sikupenda kukaa. Hawakunipiga. Walinikalisha tu kwenye benchi, wakawa wanapita wakisoma makala yangu kwa sauti na wananiuliza, "Mzee, hapa ulimaanisha nini? Tucheke wapi?" Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Tangu hapo nachagua wa kumcheka. Nachagua anayeweza kuvumilia, au niseme ukweli, asiyeweza kunifanya kitu. Nilipoambiwa habari ya koki ile nilijiuliza, nimseme nani? Nikaona diwani, tena Mzigua, mtani wangu, atavumilia. Niliimaliza makala kwa nusu saa, nikaenda kulala vizuri kabisa.

Habari ya kanzu imeniuma. Nimeisoma mara tatu.

Nitaandika. Itatoka Ijumaa tarehe 12. Sehemu yenyewe ni hii, uione kabla ya watu wengine:

"Mwezi Mei nilimwita Diwani wa Kwamagandi Mheshimiwa Koki. Nilikosea. Mheshimiwa Awadhi Mdoe ni mtu mwadilifu. Hakujua kwamba koki ile ni kavu. Alipewa mkasi, akakata. Aliambiwa afungue, akafungua. Namwomba radhi yeye na familia yake, na nawaomba wote tumpe heshima anayostahili."

Hakuna mzaha hata chembe. Nimetafuta mwenyewe, sikuuona.

Isaka Shemhilu

*

Kwamagandi
15 Julai 2024

Mzee Isaka,

Umetumaliza.

Nilinunua magazeti matatu. Matatu, kama mjinga! Moja la kwangu, moja la msikitini, moja nikamsomea Baba mwenyewe, amekaa kibarazani anakunywa uji. Nilisoma nikitabasamu. Nilipofika kwenye "hakujua kwamba koki ile ni kavu" akaweka kikombe chini. Akaniangalia. Akasema, "Huyu mtu anajua." Nikamwambia ndiyo Baba, sasa anajua ukweli, ndiyo maana anaomba radhi. Akaingia ndani, na leo ni siku ya nne, anakula vijiko viwili anasema kashiba.

Huko nje ndiyo usiseme. Kwenye kundi la kata la simu watu wametuma picha ya makala yako na vicheko kibao. "Mtani kaua!" "Eti hakujua, jamani, mbavu zangu!" "Heshima anayostahili, hahaha, kamweza." Watoto nao wameongeza. Zamani walikuwa wanakohoa tu. Sasa wanakohoa mara mbili, halafu wanaimba, "Hakujua! Hakujua!"

Niambie ukweli mmoja tu, nami nitakuamini kwa mara ya mwisho. Uliandika kwa mzaha? Ulinichezea mimi na barua zangu?

Mwaija

*

Kerenge
19 Julai 2024

Mwanangu Mwaija,

Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, sikufanya mzaha.

Siku makala ilipotoka nilikwenda ofisini. Yuditha alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Mzee Isaka, hii ndiyo bora kuliko zote. Umesema kila kitu na hujasema kitu!" Nikamwambia, Yuditha, sikutania, nimeomba radhi kweli. Akacheka mpaka akashika meza. Nikarudia. Akacheka tena, akamwita Joseph wa mitamboni aje asikie jinsi Mzee anavyoweza kukaza uso. Joseph akaisoma kwa sauti mbele yangu, na kila sentensi niliyoiandika kwa moyo mweupe ilitoka kinywani mwake ikiwa imepinda.

Nikachukua gazeti, nikaisoma upya mwenyewe. Pale juu pana jina la Mtani na kile kibonzo cha mzee anayetoa ulimi. Mwaija, na mimi niliisikia kejeli. Miaka kumi na tisa nimewafundisha watu kunisoma kinyume. Nikisema mrefu wanaelewa mfupi, nikisema mwadilifu wanaelewa mwizi. Sasa nimetaka kusema jambo moja lilivyo, na sina lugha ya kulisemea.

Nilimwomba Yuditha anipe ukurasa wa mbele, niandike kwa jina langu halisi. Akaniangalia kwa huruma. "Isaka Shemhilu ni nani, Mzee? Hakuna anayemjua." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli hakuna.

Sijui la kufanya. Nimechoka, nakwambia kama ambavyo ningemwambia mwanangu. Sijui kwa nini baba yako alisema ninajua. Mimi najua ulichoniambia wewe tu.

Isaka Shemhilu

*

Kwamagandi
25 Julai 2024

Mzee Isaka,

Baba ameziona barua zako. Nilikuwa nazificha chini ya vitambaa vya wateja, akaenda kutafuta uzi wa kushona kifungo, akakuta. Niliingia nikamkuta amekaa kwenye kiti changu cha cherehani anasoma, miwani iko puani. Nilidhani atanifukuza nyumbani.

Akasoma zote mpaka mwisho. Akazipanga vizuri. Akasema, "Kumbe ni Msambaa." Halafu, Mzee, akacheka kidogo, mimi sijamsikia akicheka tangu Mei. Akasema, "Basi kama ni mtani, mwambie aje."

Ametoa masharti yake, nayaandika kama alivyosema. Ni Jumamosi tarehe 10 Agosti baada ya alasiri. Mahali ni pale pale kwenye koki. Wewe utasimama na gazeti lako la Mei utamsomea yale yote usoni, kwa sauti yako, watu wakisikia. Yeye atakaa, hatakukatiza. Ukimaliza, ni zamu yake kukujibu, na wewe hutamkatiza. Watu wataamua kama ulizidisha. Kama ulizidisha, utatoa kuku mmoja, jogoo, asiwe mgonjwa.

Anasema neno la watani likishasemwa uso kwa uso na kujibiwa limekwisha, hakuna atakayekohoa tena, na akienda kwenye kikao tarehe 22 atakwenda kama mtu. Mimi sijui kama ni kweli. Ila baada ya kusema hayo aliomba chai, na aliinywa yote.

Bi Faudhia, balozi wetu, ameshaanza kuwaita kina mama. Uje, Mzee. Nakuomba, sasa sina hasira, nakuomba tu.

Mwaija

*

Kerenge
30 Julai 2024

Mwanangu Mwaija,

Nitakuja. Mwambie baba yako mtani wake anakuja, na jogoo ninaye, mwekundu, anawasumbua majirani wote. Mwambie pia aandae majibu ya kutosha, maana sisi walaji ndizi hatushindwi kirahisi na nyinyi wala bada, ugali wa muhogo.

Isaka Shemhilu

*

Kerenge
11 Agosti 2024

Mwaija,

Sikuja. Unajua, lakini lazima niliandike kwa mkono wangu.

Nilitoka asubuhi. Jogoo nilimtia kwenye tenga, gazeti nililikunja mfukoni. Saa saba nilikuwa Segera. Gari la kwenu lilikuwa halijajaa, nikakaa kwenye benchi la Zuena, nikanunua chungwa. Hanijui. Akaanza kunipa habari: watu wamepita tangu asubuhi wanakwenda Kwamagandi, wengine kwa bodaboda, leo Mtani wa gazetini anaumbuka. Akasema, "Natamani nimwone sura. Mtu anayeandika vile lazima ana uso wa simba." Nikamwambia labda. Akanimenyea chungwa la pili, akasema hilo ni la bure, naonekana mgonjwa.

Sikumwogopa baba yako. Nilitoa gazeti nikajaribu kuyasoma yale maneno kimoyomoyo huku nikimfikiria mtu wa miaka sitini na minane amekaa mbele yangu. Sikuweza kuvuka pale penye makofi. Mwaija, katika maisha yangu yote sijawahi kumcheka mtu aliye mbele yangu. Sina ujasiri huo. Hata shuleni nilikuwa naandika kwenye madaftari.

Konda akaita abiria. Nikasimama. Nikampa Zuena tenga, nikamwambia jogoo huyu ni wa Mwaija, fundi cherehani wa Kwamagandi. Halafu nikavuka barabara nikapanda la kurudi Korogwe.

Nimemwandikia Yuditha kwamba siandiki tena ule ukurasa. Sikwambii hili unipongeze.

Nakuomba jambo moja. Niambie kama baba yako amenisamehe. Hata kama jibu ni hapana, niambie.

Isaka Shemhilu

*

Kwamagandi
26 Agosti 2024

Mzee Isaka,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nilikuwa sijui nianzie wapi.

Tulikusubiri. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile ya utepe. Baba alikaa kwenye kigoda karibu na koki, amevaa ile kanzu ya Idd. Jua likaanza kushuka. Mtu mmoja nyuma akakohoa, wengine wakaanza kucheka chini chini, na nikaona mabega ya Baba yanashuka. Basi nikachukua gazeti. Sikupanga, Wallahi. Nilimwona tu anakwisha pale mbele ya macho yangu, nikasimama mahali pako.

Nikamsomea mimi. Koki inayotoa upepo, nikasoma. Ndoo zenye mfuniko, nikasoma. Nilipofika "Mheshimiwa akapiga makofi" nilimwangalia, kwa sababu ndivyo alivyotaka, usoni. Nikamwita Mheshimiwa Koki, mimi, baba yangu aliyenizaa. Hakuna aliyecheka. Kina mama walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao.

Nikakunja gazeti, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Sasa Baba, wajibu. Waambie kwamba hukujua."

Akaitazama koki. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akasema, "Nilijua."

Nilimwelewa, ila sikutaka kuelewa. Akaendelea polepole. Mpima maji alimwambia tangu Machi kwamba kisima kile hakina kitu, akampa na karatasi. Baba akakataa kufungua mradi. Wakaja wakubwa wa mradi na gari, wakamwambia wageni wameshaalikwa, wewe kata utepe, maji yatafuata, usiwe mkorofi uzeeni. "Nilijua, na nilikata, na nilipiga makofi. Niliogopa. Niliogopa kuitwa mkorofi na niliogopa kunyang'anywa kiti." Ndiyo maana ulipoandika "hakujua" alidhani umeipata karatasi ile na unamchoma nayo.

Mzee, nilimchukia. Nasema wazi. Dakika zile nilimchukia kuliko nilivyowahi kukuchukia wewe. Miezi mitatu nimegombana na nusu ya kata, nimekuandikia, nimelia, namtetea kwa uongo ambao hata hakuniambia yeye, niliutunga mwenyewe nikauamini na yeye akaniacha niuamini. Nilitaka kuondoka. Nikabaki.

Akasimama Bi Faudhia. Yule anayechota maji kule mbali Kwaluguru, anaondoka nyumbani kabla ya adhana na dumu lake. Akasema, "Mimi na mgongo huu nimekohoa kama wenzangu wote, nimecheka, na kesho yake nimekwenda Kwaluguru. Sijakuuliza hata siku moja ulijua au hukujua. Nilikuwa nacheka tu. Haya, umeshasema. Iko wapi hiyo karatasi?"

Baba akaniangalia. Nikakimbia nyumbani nikaleta bahasha. Akaisoma yote pale, na ile barua yake ya kukataa, na jibu walilompa. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu watu walikuwa wanamsimamisha kila mara wanamwuliza maswali. Maswali makali mengine. Kuna mzee mmoja alimwambia usoni kwamba ni mwoga na hatampigia kura tena. Baba akasema ana haki. Hakuna aliyekohoa.

Tarehe 22 kina mama walikodi gari la mizigo wakaenda naye kwenye kikao, wakajaa viti vya nyuma. Aliponyoosha mkono, diwani mmoja akakohoa. Bi Faudhia akageuka akamwambia, "Pole mwanangu, una mafua?" Basi ikaishia hapo. Baba akasimama, akaanza na lake: "Nilijua koki ni kavu na nilikata utepe." Akasoma karatasi zote mpaka ya mwisho. Mwenyekiti akasema suala linapelekwa kwenye kamati.

Maji bado. Huenda kamati isifanye lolote, na chama kimeshamwita Baba akajieleze. Anasema hatagombea tena. Jioni ile alirudi akala, akalala mpaka asubuhi, mimi nilikuwa naamka kumsikiliza kama anapumua.

Jogoo alifika. Zuena alimtuma na konda. Tulimchinja Ijumaa, nikampelekea Bi Faudhia paja.

Nimekuwa nikisubiri Baba akutaje ili nimwulize lile uliloniomba. Mambo mengi anayasema siku hizi: kisima, kamati, karatasi, yule mzee aliyemwita mwoga, amemtaja mara nyingi, anasema atakwenda kwake wazungumze. Nimesubiri wiki mbili hizi, kibarazani, mezani, tukitoka shambani. Wewe hajakutaja.

Mwaija Awadhi